Makaburi Arobaini na Moja

Mzee aliingia kituo cha polisi cha Same Jumatano asubuhi, upepo ukimsukuma mgongoni na vumbi likimtangulia mlangoni. Hakuna aliyemjua. Aliweka kikapu chake juu ya kaunta, akavua kofia, akasema:

"Nimekuja kutoa taarifa. Nimeibiwa makaburi arobaini na moja."

Konstebo wa zamu aliangua kicheko. "Makaburi, mzee? Na wenyewe walikuwemo?"

"Walikuwemo."

Kicheko kilikatika. Kwenye meza ya nyuma Koplo Redempta wa upelelezi alikuwa akifunga majalada yake kwa uzi. Likizo yake ingeanza kesho yake, ya kwanza tangu ahamishiwe Same miaka miwili iliyopita. Tiketi ya basi la siku hiyo, saa kumi jioni, ilikuwa tayari mfukoni. Jumamosi, huko kwao Bukoba, kaka zake wangejengea kaburi la mama yao, na safari hii alikuwa amewaandikia kwamba atafika.

Alisogea kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Mimi ndiye ninayesikiliza. Njoo ukae."

Jina lake lilikuwa Daudi Ruhomvya. Alikuja kutoka Kigoma akiwa kijana, kwa mkataba wa kukata mkonge katika shamba la Kirumbi, na hakurudi tena. Wenzake walitoka Songea, Njombe, Mtwara, wengine ng'ambo ya mpaka. Waliokufa walizikwa nyuma ya kambi, maana hapakuwa na nauli ya kurudisha maiti Songea. Sasa shamba lilikuwa limeuzwa kwa mwekezaji. Ijumaa saa tatu ofisa ardhi wa wilaya angeketi kupitisha mipaka mipya, na Jumatatu trekta lingeingia.

"Ofisa ardhi aliniambia, mzee, leta ramani ya makaburi yako, nitayatenga. Bila ramani mimi naona majani tu. Na ramani ninayo. Ninayo ndani ya kompyuta, kwa Hamdani."

"Hamdani wa duka la kuchapa?"

"Huyo. Alikuwepo kijana pale, Novatus, alinichorea mwaka juzi bila kunitoza. Kila kaburi duara lake na jina lake. Karatasi aliyonipa ililowa zile mvua za El Niño, ikawa uji. Jana nimekwenda wanichapie nyingine." Alifungua kikapu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wamenipa hii."

Redempta aliikunjua. Ilikuwa ramani nzuri, yenye fremu, mshale wa kaskazini na kipimo chini yake. Lakini ndani ya fremu palikuwa na vijisanduku vilivyopangwa kama matofali, na maandishi: MAJARUBA YA MPUNGA, KIHURIO.

"Novatus yuko wapi?"

"Dar es Salaam. Dar es Salaam gani, sijui."

"Nani mwingine aliyejua ramani ipo kwa Hamdani?"

"Karani wa mwekezaji, Jabiri. Nilimwambia mwenyewe, nikitamba. Mdomo wangu huu."

Redempta aliandika majina matatu kwenye daftari. Mzee alikuwa akifunga kikapu chake kwa kamba ya katani, nyembamba, yenye mafundo, akiizungusha na kuizungusha. Kikapu chenyewe kilikuwa na shuka moja na chupa ya maji. Kwa mzigo mdogo hivyo, kamba ilikuwa nyingi mno.

"Afande," mzee alisema akisimama, "mimi sitaki mtu afungwe. Nataka karatasi."

"Nitaiweka mkononi mwako kabla jina lako halijaitwa Ijumaa."

Konstebo alimtazama Redempta, kisha akatazama ukutani ilipobandikwa ratiba ya likizo.

*

Duka la Hamdani lilikuwa kando ya barabara kuu, na kila lori lililopita liliacha vumbi juu ya kioo. Ndani palikuwa na mashine ya kurudufu, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake, kwa rangi nyekundu ukutani: HIFADHI KWANZA!

Hamdani alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kitani, mkarimu na mwenye maneno mengi.

"Karibu, koplo. Mambo ya yule mzee? Mimi sina la kuficha. Faili lipo, jina lake MAKABURI, Novatus aliliandika mwenyewe. Ukilifungua unakuta mpunga. Nimemwambia Salha, huu ni uchawi au ni wewe."

Salha, msichana aliyekuwa akichapa kazi za duka, alikuwa amesimama kando ya mashine ya kurudufu. Hakuinua macho.

"Nione hiyo flopi yenye faili," alisema Redempta.

Hamdani aliitoa kwenye kopo la biskuti. Ilikuwa diski bapa, nyeusi, yenye mwandiko wa kalamu nyeupe: MZEE DAUDI. ASILI. USIGUSE. Redempta aliigeuza. Pembeni palikuwa na kile kidude cha plastiki kinachosukumwa kwa ukucha. Tundu likiwa wazi, flopi husomeka lakini haikubali kuandikwa. Tundu hili lilikuwa limezibwa. Kwenye kidude palikuwa na mabaki ya rangi nyekundu, ngumu, iliyovunjika kama ganda la yai.

"Hii rangi ni nini?"

"Rangi ya kucha," alisema Salha kwa sauti ndogo. "Novatus aliiazima kwangu. Alisukuma kile kidude tundu likawa wazi, akakipaka ili kigande, mtu asiweze kuandika juu yake."

"Na sasa kimesukumwa."

Hamdani alikohoa. "Si nilisema?"

Mtu aliyevunja rangi ile alikuwa ametumia nguvu. Haikuwa bahati mbaya ya flopi kuanguka. Redempta aliifunga kwenye bahasha, akaandika tarehe, akaomba Hamdani atie sahihi. Kisha akauliza:

"Jabiri, karani wa mwekezaji, amewahi kuingia hapa?"

"Mara moja," alisema Hamdani. "Mwezi uliopita, Jumanne. Nakumbuka kwa kuwa nilikuwa nakwenda kumzika shemeji yangu Ugweno, nikamwacha hapa na Salha."

Sasa Salha aliinua macho, na yalikuwa yamejaa machozi.

*

Jabiri alipatikana hotelini, mbele ya sahani ya makande. Alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hadi likasimama.

"Polisi kwa ajili ya makaburi!" alisema. "Karibu makande, koplo."

"Ahsante. Jumanne ile ulifuata nini kwa Hamdani?"

"Kuona hiyo ramani. Bosi wangu alitaka kujua eneo lenyewe ni kubwa kiasi gani. Kosa?"

"Ukaiona?"

"Ningeionaje? Umeme haukuwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya mgao. Nikamnunulia yule binti soda, nikanywa yangu, nikaondoka. Hata soda yenyewe ilikuwa ya moto."

"Ukagusa flopi?"

"Sijui hata inafananaje." Alipangusa mdomo. "Nikwambie ukweli, koplo? Sihitaji kuiba. Wafu hawana hati. Yule mzee akienda Ijumaa mikono mitupu, kazi yangu imekwisha yenyewe."

"Na akienda na ramani?"

Jabiri alicheka, lakini kijiko hakikupanda tena kinywani.

*

Redempta alirudi kwa Hamdani saa tisa alasiri. Umeme ulikuwepo. Alikaa mbele ya kompyuta. Alikuwa amesomea mashine hizo miezi mitatu chuoni Moshi, na kwa miaka miwili kituo hakikuwa nayo hata moja ya kumkumbusha. Alisukuma kile kidude cha flopi hadi tundu likawa wazi, akaichomeka, akatafuta siku faili lilipoandikwa mara ya mwisho.

Tarehe 1 Januari 1980, 02:40.

"Saa nane na dakika arobaini usiku," alisema Hamdani akichungulia begani kwake. "Mwaka 1980 mimi nilikuwa nauza mafuta ya taa. Kompyuta nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Si nilikwambia ni uchawi?"

"Mzee Hamdani, zima mashine."

"Nizime?"

"Zima. Kwenye swichi ya ukutani."

Alizima. Redempta alihesabu hadi kumi, akaiwasha. Mashine ilipoamka, alichomeka flopi nyingine, tupu, akaandika neno moja, akahifadhi. Kisha akatazama tarehe ya faili lile jipya.

Tarehe 1 Januari 1980, 00:03.

Hamdani alikaa kwenye stuli.

"Betri ya saa ndani ya mashine imekufa," alisema Redempta. "Umeme ukikatika, kompyuta inasahau leo ni lini. Ukirudi, inaanza kuhesabu upya, mwaka uleule, dakika ya kwanza. Kwa hiyo 02:40 si usiku. Ni saa mbili na dakika arobaini tangu mashine iwashwe. Jumanne ile mgao ulikwisha saa ngapi?"

Ratiba ya mgao ilikuwa bado imebandikwa ndani ya kabati. Jumanne: hakuna umeme, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana.

Redempta aliongeza kwa vidole. Saa nane mchana, na saa mbili, na dakika arobaini. Saa kumi na dakika arobaini jioni. Jabiri alikuwa amekunywa soda yake ya moto saa nne asubuhi, mbele ya mashine iliyokufa.

"Nipe daftari la kazi."

Lilikuwa na mwandiko mmoja, safi, wa mviringo. Jumanne ile palikuwa na mstari mmoja tu: Ramani ya majaruba, wakulima wa Kihurio. Kuanza saa nane. Kumaliza saa kumi na moja kasorobo.

Aligeuka. Salha alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya yale maandishi mekundu.

"Salha. Niambie ulivyofanya, hatua kwa hatua. Sikukaripii."

"Wale wa Kihurio walitaka ramani siku hiyohiyo," alisema. "Mimi sijui kuchora fremu na mshale kama Novatus. Nikafungua ramani ya mzee ili nipate fremu. Nilitaka nifute ya ndani kwenye skrini tu, nichore majaruba, nichape, basi. Lakini bosi ametufundisha, ukifungua kazi, hifadhi kwanza. Kila dakika tano, hifadhi. Umeme hausubiri. Mkono umeshazoea, koplo, siuambii. Nikahifadhi, mashine ikakataa. Ikasema flopi imefungwa."

"Ukafanyaje?"

"Bosi alisema, ikikataa kuhifadhi, hakikisha inakubali. Nikachukua mkasi, nikavunja rangi." Aliziba uso kwa mtandio. "Ndipo nikaanza kufuta makaburi. Nikafuta moja moja. Na kila nikifuta, nahifadhi."

Hamdani alitazama maandishi ya ukuta wake. Mara tatu mwaka ule alikuwa amepoteza kazi za siku nzima kwa umeme kukatika, na rangi ile nyekundu aliipaka mwenyewe, kwa hasira.

"Nilikuwa nalinda," alisema.

"Na Novatus naye alikuwa analinda," alijibu Redempta. "Ila hakuna aliyemwambia mwenzake analinda nini."

"Namfukuza leo."

"Ukimfukuza, nani atakayenichorea ramani nyingine? Katika jalada nitaandika kilichotokea. Hakuna mwizi."

Hakuna mwizi, na hakuna ramani. Alitoka nje na flopi kwenye bahasha. Upepo ulikuwa umepanda, na juu ya mji milima ya Upare ilikuwa imefunikwa ukungu ambao haukuwahi kushuka kuleta mvua bondeni.

*

Alimkuta mzee amekaa kwenye benchi la kituo, kikapu mapajani. Hakuwa ameondoka tangu asubuhi. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda mjini.

Redempta alimweleza yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee alisema tu, "Binti asipigwe," na vidole vyake vikaendelea kutembea juu ya kamba ya kikapu. Fundo, fundo, fundo. Midomo ilikuwa ikicheza.

"Mzee, Novatus alipochora, vipimo alivitoa wapi?"

"Alikuja kuona. Halafu nikampa kamba."

"Kamba gani?"

Mzee alimshangaa. "Si hii."

Redempta alikaa taratibu kando yake.

"Nilipoona wazee wanakwisha," mzee alieleza, "nilisokota kamba, nikailaza kwenye safu ya kwanza, kila kichwa cha kaburi nikapiga fundo. Safu ikiisha, mafundo mawili. Safu tano. Mimi sijui kusoma, lakini nikishika hapa namjua nani. Huyu Mbena. Huyu aliumwa na nyoka. Huyu mpiga zeze."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Serikali inataka kompyuta, mwanangu. Nani atapokea kamba?"

*

Alhamisi mgao ulikuwa hadi saa nane mchana. Asubuhi nzima waliilaza kamba kwenye uwanja wa gwaride, safu kwa safu, konstebo akishika mwisho mmoja na utepe wa kupimia mkononi. Hakucheka tena. Redempta aliandika namba, umbali na jina. Tisa safu ya kwanza, nane kila safu iliyofuata.

Kwenye safu ya nne, baada ya fundo la tano, pengo lilikuwa kubwa kuliko mengine. Redempta alilipima mara mbili.

"Hapa umeruka fundo?"

"Sijaruka." Mzee aliokota kipande cha kamba kilichopita hapo, akakishika kwa viganja vyote viwili. "Huyu kabla ya pengo ni mke wangu, Safia. Hapo pembeni yake ni pangu. Novatus aliniachia duara tupu. Na wewe utaniachia?"

"Nitakuachia."

Saa nane umeme ulirudi. Salha alikaa kwenye kompyuta, Redempta akamsomea. Hamdani alikuwa amenunua flopi mbili mpya. Ukutani, chini ya HIFADHI KWANZA!, aliandika kwa chaki: KWA JINA JIPYA.

Walikuwa kwenye kaburi la ishirini na tatu basi lilipopiga honi stendi. Lilipiga mara mbili, kama linavyofanya likimsubiri abiria aliyekata tiketi. Salha alisimamisha mikono.

"Koplo, si ulikuwa unasafiri?"

"Ishirini na nne," alisema Redempta. "Mita mbili na robo. Jina, Mbaraka Ndunguru."

Saa kumi na moja kasorobo alikwenda posta kupiga simu Bukoba. Kaka yake alimsikiliza akieleza hadi karani wa posta akamwonyesha saa ya ukutani. "Basi tutakupigia picha," kaka alisema mwishoni.

*

Ijumaa, saa tatu kasoro dakika kumi, kwenye korido ya ofisi ya ardhi, Redempta aliiweka karatasi mkononi mwa mzee Daudi. Flopi moja ilikuwa kwa Hamdani, tundu wazi na rangi ya kucha imekauka. Nyingine ilikuwa kwenye kabati la vielelezo la polisi, ndani ya bahasha iliyofungwa. Jina liliitwa, wakaingia.

Ofisa ardhi alikuwa mama mwenye miwani, aliyekwishachoka kabla ya kuanza. Alihesabu kwa ncha ya kalamu. Alihesabu tena.

"Mzee, umeandika makaburi arobaini na moja. Mbona mimi naona maduara arobaini na mawili?"

Jabiri alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, ndiyo hayo ninayosema! Hii imechapwa jana. Wamechora wanavyotaka. Duara moja la uongo, na mengine je?"

Ofisa alimgeukia Redempta. "Koplo, wewe ndiye uliyesimamia. Kama ni kosa la mashine, likate hapa, utie sahihi, tuendelee."

Alimsukumia kalamu mezani. Ulikuwa mstari mmoja tu wa kulikata duara, na hata Jabiri asingekuwa na la kusema. Mzee Daudi hakumtazama Redempta. Alikuwa ameshika kamba yake.

Redempta hakuigusa kalamu.

"Si kosa la mashine," alisema. "Halina mtu bado. Ni nafasi ya mzee mwenyewe, pembeni ya mkewe. Kwenye kamba ipo, nami nimechora kama kamba ilivyo. Kamba tumekuja nayo, mheshimiwa. Twende Kirumbi tukailaze juu ya makaburi sasa hivi. Fundo moja lisipokaa kichwani pa mtu, kata ramani yote."

"Likizo yako si ilianza jana?"

"Ilianza."

Ofisa alivua miwani. "Mzee, ndugu zako wako wapi?"

Mzee Daudi alisogea mezani, akaweka kidole juu ya karatasi, kwenye duara la kwanza la safu ya kwanza.

"Hawa," alisema.

Walikwenda Kirumbi kwa gari la ardhi, Jabiri akiwa nyuma na shati lake likizidi kuwa jekundu kwa vumbi. Kamba ililazwa mara tano kwenye majani makavu. Saa saba mchana mhuri uligongwa juu ya boneti ya gari, maduara yote arobaini na mawili ndani ya mpaka.

Mzee hakuondoka na wengine. Redempta alipogeuka alimwona amesimama kwenye safu ya nne, anaikunja kamba yake polepole. Pembeni ya kaburi la Safia palikuwa na kipande cha ardhi tupu.

"Mzee, hatukupi lifti?"

"Nendeni," alisema. "Hapa nimeshafika. Ila huko nako," alionyesha duara tupu kwenye karatasi, "msiniharakishe."